Omba siti ya dirishani, na utaje upande

Ukiwa Muheza unaiona Usambara ubavu mmoja. Ukiwa Mombo unaona ukuta wa mawe umesimama juu ya kichwa chako, na ukipanda kwenda Lushoto unaona kona za barabara na bonde lililo mbele yako. Mlima mzima huuoni mpaka uupate kwa juu. Ndiyo maana mtu anayefunga dirisha saa moja asubuhi kwenye ndege ya kwenda Kilimanjaro na kuinamia simu ananisikitisha kweli. Amelipa nauli, akaacha nusu ya alichokilipia.

Dirisha peke yake halitoshi, upande ndio kila kitu. Njia ya Dar es Salaam kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, inaelekea kaskazini-magharibi, na kwa kawaida Usambara, Pare na Kilimanjaro yenyewe zote zinabaki kulia. Kwenda kaa kulia, kurudi kaa kushoto. Wanaokwenda Nairobi hukosea hapa kwa kudhani kanuni ni ileile. Ndege ya Nairobi kwa kawaida hupita mashariki ya Kilimanjaro, hivyo kwenda ni kushoto na kurudi ni kulia. Siku hewa ikiwa safi, Mlima Meru nao hujitokeza kushoto kwa Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, na ile milima ambayo wahenga walisema haikutani unaiona yote kwa mtazamo mmoja.

Herufi A ni dirisha la kushoto ukitazama mbele. Herufi ya mwisho ya safu ni dirisha la kulia. Fika kaunta mapema useme wazi: "Naomba dirisha, upande wa kulia, safu za nyuma." Kwenye ndege za pangaboi kama ATR na Dash 8, safu za katikati zinatazamana na injini. Uzuri wake ni kwamba bawa liko juu ya madirisha, haliizibi ardhi. Kwenye jeti bawa liko chini, na ukipangiwa siti iliyo juu yake utatazama bati safari nzima.

Chagua ndege ya kwanza ya asubuhi. Jua likishapasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, ikifika juu inapoa na kuwa wingu, na kabla ya adhuhuri mara nyingi Kibo huwa imeshajifunika. Januari na Februari ni nzuri, na Juni hadi Septemba pia, ingawa kiangazi kikikolea vumbi na moshi wa mashamba hutia ukungu wa kahawia upeo wote. Masika usiweke matumaini makubwa. Hata hivyo usikate tamaa ukiona wingu zito chini yako, kwa kuwa mara nyingi linaishia kwenye usawa wa msitu na kilele kiko juu yake, kikavu na cheupe.

Sasa, ukishakaa, utazame nini? Wengi husubiri theluji tu, wakaiacha Usambara ipite. Itazame vizuri. Haina umbo la pia lililochongoka, kwa sababu haikutokana na volkano. Ni bonge la miamba ya kale mno lililoinuliwa ardhi ilipopasuka, ndiyo maana kingo zake zinasimama wima. Usambara Magharibi inapita mita 2,200, na chini yake nyika ya Mkomazi imelala tambarare, kavu. Upande unaopokea upepo wa bahari ni kijani, upande wa pili ni rangi ya udongo, na mpaka kati ya hizo mbili unauona kwa macho. Halafu linakuja pengo la Mkomazi, kisha Pare Kusini na kilele chake cha Shengena, mita 2,462.

Ukiona maji mapana yametulia nyikani, hilo ni bwawa la Nyumba ya Mungu. Weka simu tayari. Ndege inashuka, na kilele cha Kibo, mita 5,895, kinaanza kupanda dirishani mpaka unalazimika kuinua shingo kukitazama ukiwa bado angani. Hakuna sehemu ya safari inayonishinda maneno kama hapo. Mawenzi, kilele cha pili, mita 5,149, imechanika meno meno upande wa mashariki. Kibo ni bapa juu, na barafu iliyobaki imesimama kwa kingo wima kama zilizokatwa kwa kisu. Theluji mpya huenea kama unga na inaweza kuisha kwa siku chache. Ile yenye kingo ndiyo barafu ya zamani, na kati ya 1912 na 2007 eneo lake lilipungua kwa asilimia 85 hivi.

Lakini shusha macho kidogo. Chini ya mawe na nyasi kuna mkanda wa kijani kibichi unaozunguka mlima. Huo msitu ndio unaonasa mvua na ukungu. Mchango wa barafu kwenye mito ni mdogo sana ukiulinganisha nao. Maji ya hapo, pamoja na ya Meru, yanaingia Nyumba ya Mungu, yanatoka kama mto Pangani, yanapita nyuma ya Pare na Usambara, yanazungusha mitambo ya umeme Hale, kisha yanamwagika baharini Pangani mjini. Mto huo wa kwetu unauona wote kwa saa moja ya safari, mstari wa kijani katikati ya nyika. Mtu wa Tanga anayelilia barafu na kuunyamazia msitu unaokatwa ameangalia sehemu ndogo ya mlima.

Wanaotoka Pemba kuja Tanga kwa ndege ndogo wana bahati yao. Caravan haiendi juu sana, na Usambara Mashariki inakuja mbele. Kijani cheusi ni msitu wa Amani. Kijani laini kilichonyolewa ni chai. Mto Zigi unatoka huko kuja bwawa la Mabayani, yaani maji ya bomba ya jiji la Tanga.

Kwa picha, usiegemeze simu kwenye kioo, maana mtetemo utaiharibu. Iache umbali wa vidole viwili, ziba mwanga wa nyuma kwa khanga, zima flashi. Bonyeza mlima kwenye skrini na ushikilie, la sivyo simu itanasa mikwaruzo ya dirisha. Kisha punguza mwanga mpaka uone mistari kwenye theluji. Miwani ya jua ya polaroidi ivue, inatia rangi za upinde wa mvua kwenye plastiki ya dirisha.

Nina ombi moja kwa marubani wetu. Tangazo la "upande wa kulia ni Mlima Kilimanjaro" mara nyingi huja wakati bawa limeshageuka. Litoeni dakika kumi mapema, kwa Kiswahili kwanza, na mtaje pia Usambara na Pare kwa majina yao.