Platini au Nikeli: Mzigo wa Kuipakua Haidrojeni

Kwa kuwa haidrojeni haiwi kimiminika hadi ipozwe kufikia nyuzi 253 za Selsiasi chini ya sifuri, wapo wanaopendelea kuifungamanisha na tolueni, kimiminika cha kaboni na haidrojeni, ili ipatikane methilisaikloheksani, kimiminika kinachosafirishwa kwa meli za kawaida kama mafuta mengine. Mwaka 2020 haidrojeni ilisafirishwa kwa njia hiyo kutoka Brunei hadi Kawasaki, Japani. Kuipakia ni kazi nyepesi, kwani mmenyuko wenyewe hutoa joto; kazi iko katika kuipakua, yaani kuitoa tena haidrojeni ili tolueni ibaki, na hapo ndipo unapokolea mjadala wa vichocheo, yaani dutu zinazoharakisha mmenyuko: platini au nikeli.

Wanaoitetea platini wana hoja nzito. Metali hii hukata kifungo cha kaboni na haidrojeni bila kuvunja sana vifungo vya kaboni kwa kaboni, hivyo tolueni hubaki nzima na kurudi kupakiwa upya. Udhaifu wake, mbali na bei, ni masizi ya kaboni yanayoufunika uso wake taratibu. Kampuni ya Chiyoda ya Japani ilikabili tatizo hilo kwa kuitia salfa kidogo platini iliyotandazwa juu ya alumina, yaani oksidi ya alumini. Salfa kwa kawaida ni sumu ya vichocheo, lakini kwa kipimo hicho huziba zile atomi za pembeni ambako molekuli hupasuliwa ovyo, na kuziacha zile zinazofanya kazi inayotakiwa. Naliona hilo kuwa miongoni mwa mambo ya kupendeza zaidi katika fani hii.

Nikeli ni rahisi mno kwa bei, na watafiti wanaoifuatia hawakosei. Hata hivyo huvunja pia vifungo vya kaboni na kutoa methani, ambayo huichafua haidrojeni na kupunguza tolueni kila safari. Kuichanganya na shaba au zinki hupunguza kasoro hiyo. Hata hivyo, kulinganisha bei ya metali pekee si haki: platini ya kichocheo kilichochakaa hurejeshwa kiwandani, ilhali tolueni iliyogeuka methani imepotea.

Lakini pande zote mbili huligusa kwa juujuu suala la joto. Kichocheo huharakisha mmenyuko tu; hakipunguzi joto unaloudai, nalo ni takribani kilojuli 68 kwa kila moli (kipimo cha wanakemia cha idadi ya molekuli) ya haidrojeni, wakati kuiunguza moli hiyo hutoa kilojuli 242. Ethilikabazoli, kibebaji kingine cha haidrojeni badala ya tolueni, hudai kidogo zaidi ya kilojuli 50, ila baada ya kupakuliwa huganda katika joto la kawaida la chumba. Kwa hiyo penye kiwanda kinachotupa joto la nyuzi zaidi ya 350, platini yenye salfa inastahili gharama yake. Pasipo na joto hilo, zaidi ya robo ya nishati ya shehena itateketea kwa kuipakua shehena yenyewe, kichocheo kiwe platini au nikeli.