Eti Gesi Imeisha

Katika jiji hili la Dar es Salaam AC ina ugonjwa mmoja tu, nao ni gesi. Haipoozi? Gesi. Inamwaga maji ukutani? Gesi. Inanuka soksi za mlinzi aliyekesha? Gesi. Inanguruma? Hiyo nayo gesi, imepungua ndiyo maana inalalamika. Fundi hajamaliza kuvua viatu mlangoni keshatamka gesi, na mwenye nyumba anatikisa kichwa kama mtu aliyesomewa majibu ya maabara. Mtungi unapandishwa, geji zinafungwa, pshhh, hela zinahama mfuko, watu wanaagana vizuri. Wiki tatu baadaye: "Fundi, njoo tena."

Jamani, gesi ya AC si gesi ya jikoni. Ya jikoni unaichoma chini ya maharage, lazima iishe. Ya AC haichomwi wala hailiwi. Inazunguka humo humo ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa: inakwenda nje kutema joto, inarudi ndani kunywa joto la chumba, inatoka tena, miaka nenda miaka rudi, ile ile. Ikipungua, kuna mahali inatokea. Mara nyingi ni kwenye nati za maungio, kwa sababu siku ya kufunga mdomo wa bomba ulitanuliwa haraka haraka ukapasuka unywele, au ni kwenye rejeta, yale mabomba yaliyovishwa vibati vyembamba ambako joto linanywewa na kutemwa, iliyoliwa na chumvi. Kuongeza gesi bila kutafuta tundu ni kuteka maji kwa pakacha. Na tundu halitafutwi kwa ramli. Povu zito la sabuni ya vyombo na brashi vinatosha: panapochemka mapovu ndipo.

Kama mfumo umebaki mtupu, unajazwa naitrojeni, geji inaachwa pale watu wanywe chai, wakirudi waangalie kama mshale umeshuka. Ukishashika, pampu ya vakyumu inanyonya hewa na unyevu dakika 20 mpaka 30, ndipo gesi iingie kwa mizani, gramu zile zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha boksi la nje. Mizani, jamani! Mjini hapa nyanya zinapimwa, vyuma chakavu vinapimwa, lakini gesi inakadiriwa kwa sikio. Tena wapo wanaochomeka gesi ya R22 kwenye mashine ya gesi ya R410A kwa hoja kwamba, "Kwani zote si gesi?" Ndiyo, na dizeli na petroli zote mafuta.

Ugonjwa wa kweli, ambao hakuna anayeugusa, ni uchafu.

Mwanaume wa mjini ana gari. Kwenye kona ya kioo pana kibandiko cha oili, kilomita zimeandikwa kwa peni, na zikikaribia hapati usingizi. Jumamosi gari linaoshwa mpaka chini ya tumbo. Sasa muulize filta ya AC ya chumbani ameosha lini. Anakutazama kama umemuuliza jina la babu wa jirani. "Kwani inafunguliwa?"

Inafunguliwa! Tena hata bisibisi haitakiwi. Zima AC, zima na swichi yake ukutani, inua kile kifuniko cha mbele kwa mikono miwili mpaka kijishike juu. Utakuta nyavu mbili za plastiki. Zisukume juu kidogo, zivute chini, zinatoka. Unyanyue mmoja kwenye taa: kama huoni mwanga, hiyo si filta tena, ni blanketi. Pamba ya pale inajaza mto wa mtoto. Uoshe chini ya bomba, maji yaingilie upande wa nyuma ili yausukume uchafu nje kulikoingilia, sabuni kidogo, maji yasiwe ya moto maana plastiki itapinda. Uanike kivulini mpaka ukauke kabisa. Ni robo saa ya kazi bila kuhesabu kukauka. Kwenye nyumba ya jirani na barabara ya vumbi, kila wiki mbili. Kwingine, mara moja kwa mwezi. Hiyo ndiyo shughuli nzima ambayo watu wameikwepa tangu AC ifungwe.

Na kuikwepa kuna gharama yake. Filta ikiziba, hewa ya chumbani haipiti kwenye rejeta ya ndani. Rejeta inakosa joto la kunywa, baridi yake inashuka chini ya sifuri, unyevu unaoikuta unaganda. Barafu. Barafu nayo inaziba njia iliyobaki, barafu inazaa barafu, saa tisa usiku ukutani pana friji ya muuza samaki lakini chumba kinafuka joto. Alfajiri inayeyuka yote juu ya televisheni.

Fundi wa mtungi akiiona barafu anafurahi, keshapata ushahidi. Ni kweli gesi pungufu nayo hugandisha, lakini tazama barafu imekaa wapi. Ikianzia kwenye lile bomba jembamba kati ya yale mawili ya shaba, na bomba nene halina ubaridi, shuku gesi. Ikitanda rejeta nzima mpaka ikalivisha na bomba nene, anza na hewa: filta, rejeta, feni. Zima kupooza, iache kwenye feni peke yake saa mbili tatu iyeyuke yenyewe. Sasa yupo baba mmoja katika kila mtaa ambaye hawezi kungoja. Analeta kisu cha mkate. Anakwangua, anachokoa, chwii! ametoboa rejeta. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu mashine iondoke kiwandani, gesi imeisha kweli.

Tuje kwenye maji. Watu wanashangaa, eti AC inatoa maji, yametoka wapi wakati haijaunganishwa na tangi? Yametoka hewani, bwana. Hewa ya pwani ni supu. Yule Willis Carrier alipochora mtambo wake wa kwanza mwaka 1902, kule Brooklyn, New York, hakuwa anamhurumia mtu anayetoka jasho. Ilikuwa karatasi za kiwanda cha kuchapa, zinakunywa unyevu, zinatanuka, rangi zinakataa kukaa mahali pake. Kazi ya kwanza ya chombo hiki ilikuwa kukamua hewa. Na hapa Dar, siku za masika, mashine ya BTU 12,000 (BTU ndicho kipimo cha nguvu ya kupooza) inakamua lita nzima kwa saa na hata kuzidi. Maji hayo yanadondoka kwenye kisahani chini ya rejeta, yanateremka kwenye kibomba mpaka nje. Mpigie nayo deki, mmwagilie maua. Msinywe, yameoga kwenye vumbi lenu.

Kibomba kikiziba, hayo maji yote yanarudi sebuleni. Na kinaziba! Ute wa kijani, vumbi lililogeuka tope, sisimizi waliohamia na familia, mjusi kafiri aliyeingilia mwisho wa nje akashindwa kurudi kinyumenyume. Wengine wametumbukiza mwisho wa kibomba ndani ya ndoo. Ndoo ikijaa, mdomo unazama, hewa inakosa pa kutokea, maji yanagoma kushuka. Wengine walifungiwa bomba lenye tumbo katikati, limelegea kama kamba ya kuanikia, wanategemea maji yapande mlima. Dawa yake ingekuwa kunyoosha bomba literemke tangu mwanzo mpaka mwisho, kulivuta uchafu kutokea nje kwa mashine ya kufyonza maji, kisha kikombe cha siki na maji ya uvuguvugu kwenye kisahani, nusu saa, suuza, na wavu mdogo mdomoni kwa ajili ya huyo mjusi. Jiki hapana, inakula aluminiamu. Lakini dawa ya Mswahili ni beseni. Beseni linawekwa juu ya kochi, kochi linasogezwa, televisheni inahamishwa ukuta, wageni wanapangiwa pa kukaa kwa kufuata ramani ya matone. Familia nzima imeihama AC ndani ya nyumba yake yenyewe.

Harufu je? Harufu wanapuliza manukato. Chumba kinanuka soksi zilizopakwa waridi. Huo ni ukungu, umeota kwenye rejeta yenye unyevu na kwenye ile feni ndefu ya mviringo iliyojificha nyuma yake. Chungulia na tochi pale hewa inapotokea: mapanga ya feni yameota manyoya meusi. Hayo ndiyo mnayopulizia usoni kwa mtoto wa miezi minne. Kabla ya kuzima, iache kwenye feni tupu robo saa ijikaushe. Ukungu unapenda giza na maji, mnyime kimoja.

Na mkiita fundi wa sevisi, jueni sevisi ni nini. Umeme unazimwa kwenye breka. Sakiti inafunikwa nailoni. Mfuko mkubwa wa plastiki unavishwa chini ya boksi la ndani, mkia wake unaingia kwenye ndoo. Dawa ya kusafishia inapulizwa kwenye rejeta, inasubiriwa, brashi laini inafuata mistari ya vile vibati kwenda juu na chini, kamwe si kukatisha, kisha maji ya nguvu ndogo, rejeta na feni na kisahani. Maji yanayoingia kwenye ndoo yatakuwa kahawa ya kijiweni, bila tangawizi. Yule anayekuja na bloa, anapiga fuuu dakika tano, anapangusa kifuniko kwa kitambaa na kudai malipo, huyo kaja kuipa pole. Mwishoni chukua kipimajoto, pima hewa inayoingia juu na inayotoka chini. Mashine ikiwa nzima, baada ya robo saa hivi tofauti inacheza nyuzi 8 mpaka 12.

Boksi la nje ndilo yatima kabisa. Limeanikiwa mataulo. Limeegemezwa gunia la mkaa. Limefungiwa ndani ya kizimba cha nondo na mabati, wasije wezi, na sasa linapumua hewa yake lenyewe kama mtu aliyejifunika shuka gubigubi Januari. Kazi yake ni kutupa joto. Usipoliachia nafasi nyuma na pembeni, na mbele pakawa peupe, litalitupa wapi? Wa Kigamboni, wa Msasani, wa Mbezi Beach, mna na chumvi. Upepo wa bahari unaipaka kwenye rejeta, shaba na aluminiamu zikikutana na maji ya chumvi zinalana, vibati vinageuka unga mweupe mkononi. Maji baridi ya bomba, polepole, mara moja kwa mwezi, umeme ukiwa umezimwa. Si ile pampu ya kuoshea magari! Inalaza vibati vyote kama mpunga uliopigwa na mvua. Siku fundi akifungua, aangalie na kapasita, kile kikopo kinachoipa feni msukumo wa kuanza: ikivimba kichwani, hiyo ndiyo sababu feni ya nje inasukumwa na kijiti ndipo izunguke. Kapasita si gesi, bosi.

Halafu tunailaumu LUKU. Piga hesabu. Mashine hiyo ya BTU 12,000 isiyo inveta, yaani yenye kasi moja tu, inakula uniti moja na kidogo kwa kila saa ambayo kompresa, ile pampu ya kuzungusha gesi, inazunguka. Ikiwa safi, chumba kikishapoa kompresa inapumzika; kwenye saa nane za usiku unaweza kutumia uniti tano na ushee. Ikiwa imevaa blanketi, haipumziki mpaka adhana, karibu uniti tisa. Kwa asiye kwenye lile kundi la bei nafuu la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti inapita shilingi 350. Tofauti ni kama shilingi 1,200 kila usiku, 36,000 na zaidi kwa mwezi, unalipia vumbi. Na huku umeiweka nyuzi 16, ukidhani itapooza haraka kuliko 24. Wala! Kasi ya kompresa hiyo ni moja. 16 ni kuiambia tu isisimame.

Mwezi wa kumi, kabla joto la kaskazi halijafika, mafundi wanacheza bao, hakuna anayewapigia. Mkesha wa Krismasi ndipo jiji zima linagundua lina AC. Fundi unamngoja siku nne, anakuja amekunja uso, ametoka Sinza mpaka Kigamboni kwenye foleni. Anashika rimoti. Ina alama ya jua. Mtoto alibonyeza, mashine iko kwenye kupasha joto. Nyingine haina hata jua, betri zimekufa. Anabonyeza kitufe kimoja, baridi linatoka.

Kimya kinapita. Nauli utamlipa, hilo halina ubishi. Lakini yeye anaona aibu kupokea hela ya kitufe, na wewe unaona aibu zaidi kuitoa. Basi kwa kulindiana heshima anafungua begi, anatoa geji, anapanda ngazi, anaguna kidogo.

"Bosi, hata gesi nayo imepungua."