Kuba za Mnazi Mmoja

Mgeni akiziona kwa mara ya kwanza zile kuba nyeupe za Mnazi Mmoja, Unguja, huuliza: huu msikiti gani? Si msikiti. Ni Beit el-Amani, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1925 kuwa pia kumbukumbu ya kumalizika Vita Kuu ya Kwanza. Aliyeichora ni Mwingereza, J. H. Sinclair, msanifu majengo aliyepanda vyeo vya kikoloni hata akawa Rezidenti, yaani mwakilishi mkuu wa Uingereza, Zanzibar, 1922 hadi 1924. Mahkama Kuu pale Vuga nayo ni kazi ya mkono wake.

Nyumba naipenda, nisiseme uongo. Kinachonikera ni kusikia watalii wakiambiwa kwamba huo ndio ujenzi wa Kiarabu wa Unguja.

Hebu ingia Mji Mkongwe. Nyumba ya Muarabu wa hapa kwa nje ni ukuta mtupu wa mawe na chokaa, paa bapa, na baraza ya kukalia. Fahari yote imewekwa mlangoni. Hewa na mwanga vinatafutwa uani, ndani, wapita njia hawahusiki. Ukifika chumbani inua macho: boriti za mikoko zimelazwa karibu karibu, na juu yake mawe na chokaa. Uzito ule si mchezo. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, basi vyumba vikatoka virefu na vyembamba. Wanaolalamika kuwa chumba cha bibi hakiingii makochi ya kisasa wakailaumu mikoko ya Rufiji.

Kuba hapo ziko wapi? Hata misikiti ya zamani ya mji huo mingi haina kuba, na mingine hata mnara haina. Sinclair alikusanya matao na kuba za nchi za Kiislamu za mbali, vitu ambavyo kwa macho yake mji wa Mashariki haukupaswa kuvikosa, akavisimamisha Mnazi Mmoja. Kwa jengo moja la makumbusho, sawa.

Lakini siku hizi mtu anajenga hoteli ya matofali ya saruji, anabandika tao la ncha na kikuba juu, halafu anasema amefuata asili. Asili ya nani? Ningekuwa mimi wa kupitisha ramani, ningemuuliza kwanza baraza ameiweka wapi.