Komini zipewe karakana kabla ya mishahara

Tangu Septemba 2019 mtoto wa Lubumbashi, hapa Kongo ya Kinshasa, anasoma shule ya msingi ya serikali bila malipo, kama kifungu cha 43 cha Katiba kilivyotaka tangu 2006. Darasa la saba na la nane ndizo zinazofunga elimu ya msingi ya miaka minane, kwa sheria ya 11 Februari 2014. Baada ya hapo kila njia ina mwenyewe Kinshasa. Umanite, yaani sekondari ya juu, ziko kwa wizara ya elimu, mafunzo ya kazi yana wizara yake, vituo vya vijana walioacha masomo viko chini ya Mambo ya Jamii, na chuo kikuu kina wizara ya nne. Kijana wa Katuba, moja ya komini za Lubumbashi, akidondoka katikati ya hizo nne, hakuna ofisi hata moja inayojua kwamba amedondoka.

Kwa hiyo nasimama na wanaotaka madaraka ya elimu hii yashuke kwa mji na komini, yaani serikali ndogo za ndani ya mji. Kisheria mlango uko wazi. Kifungu cha 204 cha Katiba kinaliachia jimbo elimu hadi sekondari na ufundi, Kinshasa ikibaki na kazi ya kuweka kanuni. Sheria ya 7 Oktoba 2008 inazitaja komini kwenye ujenzi, ukarabati na vifaa vya shule za serikali. Na tarehe 20 Desemba 2023 tulichagua washauri wa komini, mara ya kwanza chini ya Katiba hii. Wanaopinga huuliza: komini iliyoshindwa na takataka za soko itaendeshaje shule ya ufundi? Swali halali. Jibu langu ni kwamba isipewe vyote kwa siku moja, na kitakachokuja mwisho kiwe mishahara.

Walimu wanalipwa kupitia DINACOPE, ofisi ya taifa inayotunza orodha ya malipo yao, iliyorithi kazi ya SECOPE. Nje ya orodha hiyo wako walimu wa N.U. (“nouvelles unités”, walimu wapya), wanaofundisha miaka bila namba ya malipo na kuishi kwa primu, michango ya wazazi. Ukiihamishia komini mishahara leo, umeihamishia na deni hilo, na mgomo wa Septemba utafika mlangoni kwa burgumestri, mkuu wa komini, kabla hajapata hata kabati la kuwekea mafaili.

Karakana ni habari nyingine. Chukua somo la kuchomelea vyuma, darasa la wanafunzi 30, kipindi cha saa mbili na nusu. Ukiwa na mashine moja, kila mmoja anaishika dakika tano. Hapo hajifunzi kitu, anaonja tu. Mashine nne zinampa dakika ishirini, na hapo mkono unaanza kutulia. Kila mwanafunzi atumie bageti (vijiti vya kuchomelea) nane kwa kipindi: hizo ni 240. Katoni ya kilo tano ya bageti za milimita 3.2 ina karibu 140. Kwa vipindi 24 vya mwaka unahitaji bageti 5,760, yaani katoni 42 ukihesabu na ya mwisho isiyokwisha. Ongeza mabati mazito ya kufanyia mazoezi, vioo vya maski vinavyovunjika kila mwezi, na glovu.

Hapo ndipo msaada kutoka juu unapokosea. Mradi unaleta mashine sita mpya, picha zinapigwa, gavana anakata utepe, na bageti zinakaribia kuisha kabla ya Krismasi. Zilizobaki zinawekwa chini kwenye simenti. Mvua za Novemba hadi Machi zinazinywesha unyevu, na bageti hizo zinaanza kuganda kwenye chuma na kuacha matundu kwenye mshono. Mwalimu anadhani mwanafunzi ni mzembe. Kabati la mbao lililoinuliwa kutoka chini, lenye balbu inayowaka ndani, lingetosha. Kinshasa haitanunua balbu hiyo kamwe. Komini inaweza kuinunua asubuhi na kuifunga mchana, na mshauri wa komini hiyo anaweza kuja kuangalia kama inawaka.

Halafu kuna delestaji, kukatwa umeme kwa zamu. Mashine ya ampea 160 ya aina ya zamani inahitaji kama kVA saba au nane, na jenereta ndogo ya ofisini itazima mara tu moto unapoanza kuruka. Kabla ya kununua mafuta, upange vipindi vya karakana kwa saa ambazo umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hupatikana mtaa huo, hata kama ni saa kumi na mbili asubuhi au Jumamosi. Ratiba ya namna hiyo haiwezi kuandikwa na mtu asiyeishi hapo.

Fedha zitoke wapi? Asilimia 40 ya mapato ya taifa, ambayo kifungu cha 175 cha Katiba kinayaachia majimbo, hatujawahi kuiona ikibaki jimboni kama ilivyoandikwa. Kinachoshuka ni retrosesio, fedha ambazo Kinshasa inarudisha chini, vipande vipande, kikichelewa. Lakini Sheria ya Migodi iliyorekebishwa 9 Machi 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au chefferie (eneo la chifu) yenye chimbo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hiyo 15 hulipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya eneo husika. Tatizo ni mawili. Kamalondo, komini ndogo ya nyumba na vibanda, haina chimbo, kwa hiyo haina mrabaha, ingawa vijana wake ni walewale. Na mrabaha wenyewe unayumba: Februari 2025 usafirishaji wa kobalti ulisimamishwa, na Oktoba ukafunguliwa kwa mgao. Karakana isilishwe na kobalti peke yake. Mrabaha ununue vitu vya mara moja, kama mashine, paa na nyaya. Bageti na vioo vitoke kwenye mapato ya kawaida ya komini, hata kama ni kidogo.

Akaunti iwe ya peke yake, kwa sahihi mbili, ya komini na ya COGES, kamati ya usimamizi ya shule. Fedha zikiingia kwenye mfuko mmoja na mishahara ya maajenti wa komini, zitakwisha huko, na hakuna atakayeiba. Zitaliwa na dharura tu. Angalia na kalenda: bajeti ni Januari hadi Desemba, shule inaanza Septemba. Asiyenunua vifaa vya muhula wa kwanza kabla ya Agosti, bajeti itamfungia akiwa bado anasubiri risiti.

Shule nyingi si za serikali tupu. Ni za makanisa na jumuiya nyingine za dini, chini ya mkataba wa 26 Februari 1977. Jengo ni la mmiliki wake, mwalimu analipwa na Serikali, karakana ingekuwa ya komini. Bila karatasi ya pande tatu inayosema nani anamiliki mashine, nani anafunga mlango jioni na vifaa vinakwenda wapi padri au mchungaji akihamishwa, mwaka wa pili kutakuwa na ugomvi wa funguo.

Karakana nzito ziwe za mji mzima, si za kila komini. Vijana wa Ruashi na Kampemba wanapanda teksibasi kufuata seksheni (mchepuo wa masomo), hawajali mpaka wa komini. Uingereza iliona hilo: Aprili 2010 halmashauri zilikabidhiwa elimu ya miaka 16 hadi 19 baada ya wakala wa taifa kuvunjwa, na zikalazimika kujiunga kwa makundi, kwa sababu mwanafunzi analala hapa na kusoma kule. Serikali iliyoingia Mei mwaka huohuo ikageuza mwelekeo, na kufikia 2012 fedha zilikuwa zinatoka tena katikati. Kilichobaki mikononi mwa halmashauri ni wajibu wa kuhakikisha nafasi zinatosha na kujua kijana gani hayuko popote.

Kazi hiyo ya mwisho komini zetu zinaweza kuianza mwaka huu bila franga ya mtu. Julai, zichukue kwa kila shule orodha ya waliofanya TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuchagua njia, mwisho wa darasa la nane. Oktoba, zichukue daftari za umanite ya kwanza na za vituo vya ufundi, ziweke orodha mbili kando kwa kando na kuchora mstari chini ya kila jina lisiloonekana. Karatasi hiyo apewe shefu wa kartiye (mtaa), naye awape mashefu wa avenyu, wanaojua tayari nani anauza makala barabarani, nani amebeba mimba, nani amekwenda kuchimba. Mwisho wa Novemba irudi ikiwa na sababu mbele ya kila jina, na isomwe katika baraza la komini siku bajeti inapojadiliwa.