Chanjo Kutoka Ng'ambo: Nani Ametukagulia?

Machi 2021, Nairobi ilikuwa na chanjo mbili za korona. AstraZeneca iliyotengenezwa na Serum Institute ya India ilitua uwanja wa ndege wa JKIA kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawia nchi chanjo, zaidi ya dozi milioni moja, ikatolewa bure. Sputnik V ya Urusi ililetwa na wafanyabiashara, ikauzwa katika hospitali za kibinafsi. Zote zilikuwa na idhini ya dharura ya Bodi ya Famasia na Sumu, inayokagua dawa na chanjo nchini Kenya. Tarehe 2 Aprili serikali ikapiga marufuku uagizaji wa kibinafsi, na Sputnik ikasimamishwa.

Hofu ya serikali ilikuwa na msingi. Chanjo ikiwa adimu, bandia huingia upesi, na mwenye pesa humtangulia mgonjwa. Lakini aliyekuwa ameshalipia sindano ya kwanza alikuwa na haki ya kuuliza: kama Bodi iliridhika, mbona inazimwa? Na kama haikuridhika, idhini ilitoka wapi? Nadhani siku zile chache ziliharibu imani kuliko uvumi wowote wa WhatsApp, kwa sababu mkanganyiko ulitoka kwa wenye mamlaka.

Anayeitilia shaka Sputnik si lazima awe mjinga. Urusi iliisajili Agosti 2020, kabla majaribio ya awamu ya tatu, yale makubwa ya mwisho kwa watu, hayajakamilika. Februari 2021 jarida la The Lancet lilichapisha ufanisi wa asilimia 91.6, tarakimu nzuri mno, lakini Shirika la Afya Duniani (WHO) halikuiingiza katika orodha yake ya chanjo zilizokubaliwa kwa matumizi ya dharura. Ufanisi ni hoja moja. Kufungua kiwanda na data zikaguliwe ni hoja nyingine.

Wasiwasi wetu una historia pia. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai kuwa chanjo ya pepopunda iliyowalenga wanawake wa umri wa kuzaa ilichanganywa na homoni ya kuzuia mimba. WHO na UNICEF walikanusha, wakaeleza kwamba vipimo vilivyotumika kuichunguza chanjo hiyo ni vya sampuli za binadamu wala si vya chanjo. Naona maelezo hayo yana nguvu. Aprili 2020 daktari mmoja na mtafiti mmoja, wote Wafaransa, walizungumza kwenye televisheni juu ya kufanyia majaribio ya chanjo Afrika, ambako watu hawana barakoa wala dawa. Baada ya kauli kama hiyo, nani atamlaumu mama wa mtaa wa Kayole, Nairobi, akisita?

Hata hivyo, neno “chanjo ya kigeni” linaficha mengi. Chanjo ya malaria, RTS,S, ni ya kampuni ya GSK, lakini ilijaribiwa hapa kwetu pia, na Septemba 2019 ikaanza kutolewa kwa watoto Homa Bay. AstraZeneca nayo ilifanyiwa majaribio Kilifi. Wakenya, watafiti na waliojitolea, wamo ndani ya ushahidi huo. Isitoshe, hakuna bodi inayoweza kurudia kila jaribio lililofanywa duniani. Kutegemea kazi ya wengine ni jambo la kawaida. Hatari ni kutegemea bila kusema umemtegemea nani na umekagua nini wewe mwenyewe.

Ndiyo maana nadai jambo moja: kila Bodi inapoidhinisha chanjo, itoe kwa Kiswahili maelezo ya ushahidi iliousoma, mapengo iliyoyaona, madhara yanayofuatiliwa na mahali pa kuyaripoti. Wapo watakaosema mapengo hayo yatawapa chakula wapiga uvumi. Ni kweli, wengine watayapotosha. Ila mwaka 2014 uvumi ulifika makanisani hata bila ripoti ya namna hiyo, na muuguzi aliyeulizwa maswali kliniki hakuwa na karatasi ya kumwonyesha mama.