Mchele Ulikuwapo, Ujira Haukuwapo

Usalama wa chakula ukitajwa nchini Kenya, mawazo hukimbilia shambani, na mwaka 2020, janga la korona lilipoingia, wanaoshikilia msimamo huo walipata ushahidi wa kutosha. Mwezi Machi Vietnam ilisimamisha mikataba mipya ya kuuza mchele nje, kisha Urusi ikaiwekea nafaka yake kikomo, na nchi inayoagiza sehemu kubwa ya mchele na ngano yake ikajikuta ikitazama meli za watu. Kwa kuwa nzige nao walikuwa wamekwisha kuingia kutoka kaskazini, haishangazi kwamba wengi waliona kinga iko katika mashamba ya umwagiliaji kama ya Galana-Kulalu, ingawa mradi huo umesuasua tangu ulipoanzishwa.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa, ila haielezi njaa iliyoingia mitaa ya Mombasa. Vietnam ilirejea sokoni baada ya wiki chache. Bandari ya Kilindini haikufungwa, na malori ya mizigo yaliendelea kupita hata baada ya Mombasa, Kilifi na Kwale kuzuiliwa usafiri wa abiria tarehe 8 Aprili. Madereva walikwama mipakani wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, jambo ambalo kwa bidhaa zinazooza ni hasara tupu. Hata hivyo, mwenye fedha alikula.

Kilichokatika ni ujira. Ndege za abiria kutoka nje zilipositishwa mwishoni mwa Machi, hoteli za pwani zilikosa wageni, na waliotegemea mishahara yake, pamoja na wavuvi waliozoea kuziuzia samaki, wakapoteza kipato kwa pamoja. Kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri iliongeza pigo ambalo, kwa maoni yangu, halijapimwa ipasavyo. Katika mji huu jioni ni saa ya kazi kwa muuza viazi karai, mshikaki na mihogo ya kuchoma, na pia ni saa ambayo kibarua, akiwa ametoka kulipwa, hupitia dukani kupimiwa unga nusu kilo na mafuta ya kutosha mlo mmoja. Anayenunua kwa vipimo vidogo hulipa zaidi kwa kila kilo, si kwa kukosa hesabu, bali kwa sababu hana fedha ya kutanguliza. Nyumbani kwake hakuna akiba ya kuhimili hata siku tatu, kwa hiyo siku ya kazi inapokosekana, chakula hukosekana siku hiyohiyo, hata kama maghala ya Shimanzi yamefurika.

Mwanauchumi wa India, Amartya Sen, aliwahi kudai jambo kama hilo kuhusu njaa ya Bengal, nchini India, ya 1943, kwamba chakula kilichokuwapo hakikuwa kichache kuliko cha 1941, mwaka ambao haukuwa na baa la njaa. Funzo hilo halikuonekana katika hatua za kodi za Aprili 2020. Msamaha wa kodi ya mapato kwa wanaopata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi ulimfaa mwenye hati ya mshahara. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, lakini unga wa mahindi haukuwa ukitozwa kodi hiyo. Kuli asiyeajiriwa rasmi hakuguswa na la kwanza, na la pili halikupunguza bei ya ugali wake.

Ni kweli kwamba fedha mkononi, pale chakula kinapopungua kwelikweli, hupandisha bei tu, na kwa hali hiyo hifadhi ya taifa ya nafaka haina mbadala. Mwaka 2020 mjini Mombasa haukuwa hali hiyo. Mji wa Kale ulipofungwa mwezi Mei, katikati ya Ramadhani, pakiti za msaada zilisaidia kufuturu, lakini mwenye duka aliyekuwa amekopesha mtaa mzima alibaki na daftari la madeni na rafu zinazopungua. Fedha ambazo wakazi wangetumiwa kwa simu badala ya pakiti zingemfikia yeye pia, naye angeagiza mzigo mwingine.