Old School RuneScape: Thamani ya Jasho na Soko la Muda

Mgeni akiingia Gielinor, dunia ya gemu ya mtandaoni ya wachezaji wengi iitwayo Old School RuneScape, jambo la kwanza kumshtua ni uduni wa picha. Miti ina kona kali na nyuso za watu zimechorwa kwa mistari michache. Ni makusudi. Jagex, kampuni ya Cambridge nchini Uingereza, ilizindua RuneScape mwaka 2001, ikaigeuza mara kwa mara mpaka wachezaji wengi wa awali wakaona si gemu waliyoipenda. Februari 2013, baada ya kuwapigisha kura, ikafufua nakala ya gemu hiyo ilivyokuwa Agosti 2007. Leo nakala hiyo, iliyoendelea kukua kwa njia yake, ina wachezaji wengi kuliko toleo la kisasa.

Wanaoishia kulaumu picha wanaligusa suala dogo kuliko yote. Wepesi huo ndio unaoiwezesha gemu kuchezeka kwenye kompyuta kongwe na, tangu 2018, kwenye simu, kwa akaunti ileile na pamoja na wachezaji walewale. Tena dunia hii husonga kwa mapigo, kila pigo likichukua sekunde 0.6, na amri ya mchezaji husubiri pigo linalofuata. Kwa mwenye intaneti ya kusuasua huo ni ukombozi, kwani kuchelewa kidogo hakumwangushi kama kwenye gemu za kufyatuliana risasi. Aliyezoea kasi ataona mapigano yamezubaa, na kwa saa za mwanzo atakuwa sahihi. Lakini mbele ya majitu makubwa, kubadilisha silaha, sala zinazompa mchezaji kinga au nguvu, na mahali pa kusimama ndani ya pigo moja ni ustadi ambao wengi hawaufikii kamwe.

Mzigo halisi uko kwenye muda. Kufikisha ujuzi mmoja leveli ya 99, ya juu kabisa, kunahitaji pointi 13,034,431 za uzoefu, na kwa jinsi ngazi zinavyopanda, anayefika leveli ya 92 ndio kwanza yuko nusu ya safari. Katikati ya safari hiyo kuna kukata miti, kuvua samaki na kuchimba madini, mbofyo ule ule saa baada ya saa. Simlaumu anayeacha, hasa mwenye kazi na familia. Hata hivyo siwezi kuita urefu huo kasoro tupu. Kila mtu aliyefika juu anajulikana kuwa amepita njia ileile, na heshima anayopewa na wenzake inatokana na hilo. Misheni zake nazo zinapumzisha: nyingi ni mafumbo na visa vya kuchekesha, tofauti kabisa na agizo la kuua panya kumi na kurudi kuchukua zawadi.

Wachezaji pia wana sauti ambayo ni nadra kwingineko. Mabadiliko makubwa hupigiwa kura, na kwa sasa yanahitaji 70% kupita; zamani ilikuwa 75%. Utaratibu huu umeilinda gemu dhidi ya tamaa za mara moja. Umeifunga mikono pia: mwaka 2019 ujuzi mpya ulioitwa Warding uliungwa mkono na wengi lakini ukaanguka kwa kutofikisha kiwango. Aliyekwisha kupanda mlima ana sababu ya kukataa njia mpya, na mgeni ambaye bado hajajiunga hana kura.

Penye uchungu zaidi ni pale muda unapogeuka bidhaa. Kwa kuwa dhahabu ya Gielinor huchukua saa nyingi kupatikana, wapo wanaoiuza kwa fedha halisi, kinyume cha kanuni, na wengine huikusanya kwa boti, yaani programu zinazocheza zenyewe usiku na mchana. Kuna pia watu wa kweli nyuma ya biashara hiyo. Uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, raia wake wengi waliishi kwa kukusanya na kuuza dhahabu hii ya gemu, na kuwaweka kapu moja na wenye mashamba ya boti ni kukosa utu. Jagex iliwahi kujaribu dawa kali: kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 iliondoa mapigano huru ya nyika ya Wilderness na biashara huru kati ya wachezaji. Ikapoteza uhai wa gemu pamoja na wauzaji, na mwaka 2011 ikarudisha vyote viwili.

Siku hizi inauza hati ziitwazo bondi: mwenye fedha hununua bondi, huiuza ndani ya gemu kwa dhahabu, na asiye na fedha huitumia kulipia uanachama wake. Naona faida yake kwa huyo wa pili, maana sehemu ya bure ni finyu mno. Ila bondi inampa tajiri ruhusa rasmi ya kuruka jasho ambalo wengine wote wanadaiwa.

Wachezaji wengine wameshalijibu suala hilo la kuruka jasho kwa njia yao. Tangu 2014 kuna akaunti za Ironman, zisizoruhusiwa kununua wala kupokea vifaa au dhahabu kutoka kwa wengine, na zimependwa sana. Kila kitu alichonacho Ironman amekitafuta mwenyewe. Lakini hali hiyo hiyo inamtenga na soko na misaada ya wenzake, vitu vilivyoifanya Gielinor kuwa dunia ya watu wengi.